Kuchagua Mashine ya Kukunjia Flenji za Dakti kwa Rola

Mtahiniwa, swali la kuchagua mashine huonekana jepesi, na ndiyo maana wengi hupoteza alama hapo. Nimesahihisha majibu mengi ya swali la aina hii, na kosa huwa lile lile: mwanafunzi anaorodhesha sifa za mashine (iwe na kasi, iwe imara, iwe ya bei nafuu) bila kusema mashine hiyo inakwenda kufanya kazi gani. Jibu la namna hiyo linaweza kunakiliwa kwenye swali la cherehani au la mashine ya kusaga nafaka na lisibadilike hata neno.

Kosa hilo halipo kwenye karatasi ya mtihani tu. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi ziara ya mafunzo kwenye karakana moja ya mabati. Katikati ya karakana tulikuta mashine mpya ya flenji imefunikwa turubai. Mashine ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba mwenye karakana aliinunua bila kuangalia mashine yake ya kukunjia bati, ambayo taya zake hazikuwa na nafasi ya kupitisha flenji. Kila bati lililotoka kwenye rola na flenji nzuri, likifika kwenye taya lilipondeka. Fedha zilikuwa zimelala chini ya turubai, na mafundi walikuwa wamerudi kwenye nyundo.

Shika kanuni moja kabla ya kuendelea: uchaguzi wa mashine huanza na kazi, hauanzi na mashine. Mengine yote katika mada hii ni namna ya kuitumia kanuni hiyo.

1. Flenji ya dakti ni nini?

Dakti ni mfereji wa bati unaopitisha hewa kutoka kwenye feni au kiyoyozi kikubwa kwenda vyumbani. Utaiona juu ya dari za hospitali, hoteli, kumbi na viwanda. Mara nyingi hutengenezwa kwa bati la chuma lililopakwa zinki ili lisishike kutu.

Dakti haiwezi kutengenezwa kwa kipande kimoja kuanzia feni hadi chumba cha mwisho. Hutengenezwa vipande vifupi, kisha vikaunganishwa. Ukingo uliokunjwa kwenye ncha ya kipande, ambao hukutana na ukingo wa kipande kinachofuata, ndio unaoitwa flenji. Flenji ina kazi tatu:

(i) Kuunganisha vipande viwili kwa bolti na vibanio.
(ii) Kuzuia hewa kuvuja, kwa kuwa kati ya flenji mbili huwekwa gasketi.
(iii) Kuipa dakti ugumu. Bati bapa pana hutetemeka na kupiga kelele hewa inapopita. Ukingo uliokunjwa huizuia ncha ya bati isicheze.

Kazi hii ya tatu husahauliwa sana kwenye majibu. Iandike.

2. Rola hukunjaje bati?

Mashine ya rola ina jozi kadhaa za rola zilizopangwa mstari mmoja. Kila jozi huitwa kituo. Bati huingia likiwa bapa. Kituo cha kwanza hulipinda kidogo, cha pili huongeza, na kuendelea hivyo hadi cha mwisho, ambapo flenji hutoka ikiwa na umbo lake kamili. Unene wa bati haukusudiwi kupunguzwa, umbo ndilo linalobadilishwa. Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na kazi ya rola za kiwanda cha chuma, ambazo hulifanya bati kuwa jembamba.

Kwa nini kunja isifanywe mara moja? Bati linapokunjwa, upande wa nje wa kunjo huvutwa na upande wa ndani hugandamizwa. Ukilazimisha kunjo kubwa kwa hatua moja, ukingo hunyooka kupita kiasi, kisha bati hutoka na mawimbi au limejipinda kama utepe. Isitoshe, bati likiachiliwa hurudi nyuma kidogo kwa sababu ya unyumbufu wake. Vituo vya mwisho hurekebisha hali hiyo kwa kukunja kuzidi kidogo pembe inayotakiwa.

Kwa hiyo, kwa umbo lile lile la flenji, mashine yenye vituo vichache mno hulazimika kukunja kwa nguvu katika kila kituo, na dalili yake utaiona kwenye bati: mawimbi ukingoni, kujipinda, au zinki kubanduka kwenye kunjo.

3. Aina tatu za flenji na mashine zake

(a) Flenji ya engo. Vipande vya chuma cha pembe hukatwa, huchomelewa kuwa fremu, kisha fremu hufungwa kwenye ncha ya dakti kwa ribiti. Ni imara sana, lakini ni nzito na hula muda mwingi. Haihitaji mashine ya rola. Inahitaji mashine ya kuchomelea, drili na fundi mzuri.

(b) Flenji ya kupachika. Mashine ya rola hukunja utepe mwembamba wa bati na kutoa fito ndefu zenye umbo la flenji. Fito hukatwa kwa vipimo, huunganishwa kwa kona nne, kisha fremu huvikwa kwenye ncha ya dakti na kufungwa kwa skrubu au kuchomelewa kwa nukta. Faida yake ni kwamba huweza kuwekwa hata kwenye vipande vya maumbo magumu kama kiwiko. Karakana inaweza pia kununua fito zilizokwisha kukunjwa bila kuwa na mashine.

(c) Flenji ya bati lenyewe. Hapa flenji haitengenezwi kando. Ncha ya bati la dakti hupitishwa kwenye rola na kugeuka kuwa flenji. Mafundi huzifahamu kwa vifupisho TDC na TDF. Kona nne za chuma hupigwa kwenye pembe, bolti hufungwa kwenye kona, na vibanio huvikwa katikati ya pande ndefu. Faida yake ni uharaka na kwamba hakuna chuma cha ziada cha kununua kwa ajili ya fremu. Kasoro yake ni kwamba bati sharti liwe na urefu wa kutosha kushikwa na vituo kadhaa kwa pamoja. Kipande kifupi mno hakipiti.

Tahadhari: kona na vibanio vya umbo moja huenda visiingie kwenye flenji ya umbo jingine. Kabla ya kununua mashine, hakikisha kona zake zinapatikana sokoni. Kila kipande cha dakti kina ncha mbili, na kila ncha ina kona nne, kwa hiyo kipande kimoja hula kona 8. Vipande 30 kwa siku hula kona 240. Mashine isiyo na kona ni sawa na shati lisilo na vifungo.

4. Hatua sita za kuchagua

Hatua ya kwanza: Soma michoro ya kazi. Michoro na maelezo ya zabuni hutaja ukubwa wa dakti, unene wa bati, kanieneo la hewa na kiwango kinachofuatwa. Viwango viwili vinavyotajwa sana ni vya SMACNA, chama cha wakandarasi wa mabati na viyoyozi cha Marekani, na DW/144 cha Uingereza. DW/144 hugawa dakti kwa kanieneo: la chini ni hadi paskali 500, la kati hadi paskali 1000 na la juu hadi paskali 2000. Kadiri kanieneo linavyopanda na dakti inavyopanuka, ndivyo bati linavyotakiwa kuwa nene na flenji kuwa ngumu. Kama aina ya flenji imetajwa kwenye zabuni, huna uhuru wa kuchagua nyingine bila idhini ya mhandisi.

Hatua ya pili: Tafuta unene mkubwa kabisa. Usichukue wastani. Mashine itavunjika kwa bati nene moja, si kwa wastani wa mabati yote. Hapa jihadhari na geji. Geji ikipanda, unene hushuka. Kwa bati la zinki katika mfumo wa Kimarekani, unene ni huu:

Geji 26: milimita 0.55
Geji 24: milimita 0.70
Geji 22: milimita 0.85
Geji 20: milimita 1.00
Geji 18: milimita 1.31

Mifumo ya geji ipo zaidi ya mmoja, kwa hiyo katika jibu lako andika milimita, na karakanani pima kwa mikromita. Tazama mtego huu: mashine imeandikwa uwezo wa milimita 1.2, na kazi inataka geji 18. Anayekariri atasema inatosha kwa sababu 18 ni ndogo kuliko 20. Aliyepima anajua kwamba 1.31 ni zaidi ya 1.2, na mashine hiyo haifai.

Kwa nini tofauti ndogo ya unene iwe jambo kubwa? Kwa metali ile ile, ukinzani wa bati dhidi ya kukunjwa hukua kwa mraba wa unene. Linganisha bati la milimita 1.2 na la milimita 0.7:

1.2² = 1.44
0.7² = 0.49
1.44 ÷ 0.49 = 2.9

Unene haujafika hata mara mbili, lakini ukinzani umekaribia mara tatu. Mzigo huo huenda kwenye mihimili ya rola, gia, mnyororo na beringi.

Angalia pia aina ya metali. Uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine kwa kawaida ni wa chuma laini. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu zaidi kukunja, kwa hiyo mashine ile ile huweza kukunja unene mdogo zaidi wa metali hiyo. Mtengenezaji ndiye anayepaswa kutaja kiasi.

Hatua ya tatu: Hesabu wingi wa kazi. Tuseme karakana inatengeneza vipande 30 kwa siku, kila kimoja kina upana wa milimita 600 na kimo cha milimita 400.

Mzingo = 2 × (600 + 400) = milimita 2000 = mita 2
Flenji kwa kipande = ncha 2 × mita 2 = mita 4
Flenji kwa siku = 30 × 4 = mita 120

Mashine yenye kasi ya mita 10 kwa dakika itakunja mita 120 kwa dakika 12 tu. Sasa ongeza muda wa kubeba bati, kulilenga na kuligeuza. Tuchukulie kila pito hula dakika 1.5. Kipande kina mapito 2, kwa hiyo siku ina mapito 60:

60 × 1.5 = dakika 90
Jumla = 12 + 90 = dakika 102

Ukinunua mashine yenye kasi mara mbili, muda wa rola utashuka hadi dakika 6, na jumla itakuwa dakika 96. Umeokoa dakika 6 kwa siku nzima. Meza nzuri ya kulishia bati, ikipunguza muda wa kila pito kutoka dakika 1.5 hadi dakika 1, ingeokoa dakika 30. Hii ndiyo sababu mtahiniwa anayeandika "mashine iwe na kasi kubwa" bila hesabu hajaeleza kitu.

Hatua ya nne: Angalia mashine jirani. Mashine ya flenji haifanyi kazi peke yake. Mfuatano wa kawaida wa dakti yenye flenji ya bati lenyewe ni huu: kukata bati, kukata pembe, kukunja mshono wa urefu kwa rola, kukunja flenji, kukunja bati kuwa boksi, kufunga mshono, kisha kupiga kona. Jiulize maswali matatu:

(i) Kuna mashine ya kukata pembe kwa umbo linalotakiwa na flenji hii? Pembe zisipokatwa vizuri, flenji zitagongana boksi linapokunjwa.
(ii) Mashine ya kukunjia ina taya zenye nafasi za kupitisha flenji? Hapa ndipo yule mwenye turubai alipoangukia.
(iii) Nani anakunja mshono wa urefu? Baadhi ya mashine zina rola za flenji upande mmoja na rola za mshono upande wa pili. Karakana ndogo hupata faida kubwa kwa mashine ya namna hiyo.

Kumbuka pia kwamba flenji hula bati. Tuseme mashine inataka milimita 50 kila ncha, na shiti ina upana wa milimita 1220. Urefu halisi wa kipande utakuwa:

1220 − (2 × 50) = milimita 1120

Kwa dakti ya mita 100 inayotoka shiti moja kwa kipande kimoja, hutahitaji shiti 82 kama anavyodhani anayegawanya kwa 1.22, bali 100 ÷ 1.12 = 89.3, yaani shiti 90. Anayesahau hilo hupungukiwa shiti 8 kazi ikiwa katikati. Kipimo halisi cha nyongeza hiyo husomwa kwenye kitabu cha maelekezo cha mashine husika.

Hatua ya tano: Linganisha umeme. Kwetu umeme wa njia tatu ni volti 400 na masafa ni hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huwa ya hezi 60. Kasi ya uga sumaku ndani ya mota hupatikana hivi:

n = 120 × f ÷ p

ambapo f ni masafa na p ni idadi ya ncha za sumaku. Kwa mota ya ncha 4:

Hezi 60: n = 120 × 60 ÷ 4 = mizunguko 1800 kwa dakika
Hezi 50: n = 120 × 50 ÷ 4 = mizunguko 1500 kwa dakika

Mashine iliyotangazwa mita 12 kwa dakika huko itakuwa na mita 10 hapa. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni volti: mota ya njia tatu iliyofungwa kwa volti 230, ukiiunganisha kwenye volti 400 itaungua. Soma kibao cha mota kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kufika bandarini.

Hesabu pia mkondo. Kwa mota ya kilowati 4 yenye kipengele cha nguvu 0.8 na ufanisi wa asilimia 85:

I = 4000 ÷ (1.732 × 400 × 0.8 × 0.85) = ampea 8.5

Huo ni mkondo wa mzigo kamili. Wakati wa kuwaka, mota huvuta mkondo mkubwa zaidi kwa muda mfupi, kwa hiyo nyaya na swichi za kinga huchaguliwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya sita: Sasa ndipo uje kwenye bei. Bei haikatazwi kuangaliwa, ila inakuja mwisho, baada ya kuziondoa mashine zisizoweza kazi. Tumia kipimo cha kurudisha gharama. Tuchukue bei za mfano: mashine ni shilingi 30,000,000, na kila mita ya flenji unayokunja mwenyewe inakuokolea shilingi 2,500 ukilinganisha na kununua fito.

Mita za kurudisha gharama = 30,000,000 ÷ 2,500 = mita 12,000

Karakana inayokunja mita 120 kwa siku itafika huko kwa siku 100 za kazi. Karakana inayokunja mita 12 kwa siku itahitaji siku 1,000, zaidi ya miaka mitatu ya kazi. Mashine ni ile ile na bei ni ile ile, lakini uamuzi ni tofauti. Kwa karakana ya pili, jibu sahihi linaweza kuwa "usinunue kwa sasa, nunua fito". Usiogope kuandika jibu hilo likiungwa mkono na hesabu.

Pamoja na bei, uliza vipuri: beringi na mnyororo vinapatikana nchini? Seti ya rola ikichakaa, inapatikana wapi? Nani ataifunga mashine na kuwafundisha mafundi?

5. Usalama

Mahali ambapo rola mbili hukutana huvuta kila kinachokaribia. Kidole kikiingia, mota haijui tofauti ya kidole na bati. Kwa hiyo mashine bora ina:

(i) Kinga zinazofunika rola, gia na mnyororo.
(ii) Kitufe chekundu cha kusimamisha dharura ambacho mwendeshaji anakifikia bila kunyanyua mguu.
(iii) Miongozo ya kulishia bati, ili mkono ubaki mbali na rola.

Suala la glavu huwachanganya watahiniwa. Kingo za bati hukata, hivyo glavu hutumika kubeba bati. Lakini glavu ikinaswa na rola huuvuta mkono wote. Jibu kamili ni hili: vaa glavu unapobeba na kupanga bati, na usiufikishe mkono karibu na rola zinazozunguka, uwe na glavu au usiwe nayo. Hakuna kusafisha, kupaka mafuta wala kurekebisha nafasi ya rola kabla ya kuzima umeme kwenye swichi kuu. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mwajiri anawajibika kuweka mazingira salama. Mashine ya bei rahisi iliyoondolewa kinga si rahisi.

6. Swali la mfano na jibu lake

*Swali:* Karakana imepata kazi ya miezi minane ya kutengeneza dakti za mstatili za hospitali. Unene wa bati ni kati ya milimita 0.7 na 1.2. Wingi ni mita 120 za flenji kwa siku. Umeme uliopo ni volti 400, njia tatu, hezi 50. Mhandisi amekubali flenji ya bati lenyewe. Chagua mashine moja na utoe sababu.

Mashine A: flenji ya bati lenyewe, unene 0.5 hadi 1.0, mita 20 kwa dakika, volti 460, hezi 60.
Mashine B: flenji ya bati lenyewe, unene 0.5 hadi 1.2, mita 10 kwa dakika, volti 400, hezi 50, rola za mshono upande wa pili.
Mashine C: fito za kupachika, unene 0.7 hadi 1.2, mita 10 kwa dakika, volti 400, hezi 50, bei ndogo kuliko zote.

*Jibu:* Nachagua mashine B. Mashine A inaondolewa na unene: kazi inafika milimita 1.2, nayo inaishia milimita 1.0. Ukinzani wa bati la 1.2 ni mara 1.44 ya ule wa bati la 1.0, hivyo kuilazimisha ni kuiharibu. Kasi yake kubwa haisaidii, kwa sababu mita 120 hukunjwa kwa dakika 12 hata kwa kasi ya mita 10 kwa dakika. Tena umeme wake haulingani na uliopo. Mashine C inaweza unene, lakini fito zake zinahitaji utepe wa ziada wa bati, kukatwa, kuunganishwa na kufungwa kwenye dakti, kazi ambayo kwa mita 120 kila siku ni kubwa. Mashine B inatosha kwa unene, wingi na umeme, na rola zake za mshono zinapunguza haja ya mashine nyingine. Kabla ya kununua nitahakikisha karakana ina mashine ya kukata pembe na ya kukunjia yenye nafasi za flenji, na kwamba kona na vibanio vya umbo hilo vinapatikana. Vipande vifupi na viwiko visivyopita kwenye rola vitawekewa fito za kununua, kwa idhini ya mhandisi.

Angalia jibu hilo lilivyojengwa. Kila sababu ina nusu mbili: nusu ya kazi na nusu ya mashine. "Kazi inafika 1.2" ni nusu ya kwanza, "nayo inaishia 1.0" ni nusu ya pili. Sababu yenye nusu moja haijakamilika.

7. Zoezi

1. Taja kazi tatu za flenji ya dakti na ueleze moja kwa kina.
2. Kwa nini bati hukunjwa kwa vituo vingi badala ya kimoja?
3. Dakti ina upana wa milimita 800 na kimo cha milimita 500. Karakana inatengeneza vipande 25 kwa siku. Kokotoa mita za flenji kwa siku na idadi ya kona zinazohitajika. (Jibu: mita 130, kona 200.)
4. Mashine ya hezi 60 imeandikwa kasi ya mita 15 kwa dakika. Kasi yake itakuwa ngapi kwenye hezi 50? (Jibu: mita 12.5 kwa dakika.)
5. Jirani yako anataka kununua mashine ya flenji kwa sababu "imeshuka bei". Mwandikie maswali matano anayopaswa kuyajibu kabla ya kulipa.

Swali la tano lifanye hata kama mwalimu hatalisahihisha. Wengi wenu mtamaliza kidato cha nne na kuingia karakanani, na siku moja mwenye fedha atakuuliza, "Fundi, ninunue ipi?" Usimtajie jina la mashine. Mwombe kwanza michoro ya kazi.